Kioo Mbele, Kioo Nyuma: Utatuzi wa Matatizo ya Simu za Mgongo wa Kioo, pamoja na Tetesi za Simu Zijazo

Msimu wa tetesi za simu mpya ukifika, maswali yanayoletwa kwenye meza ya fundi hubadilika. Mtu huleta simu iliyopasuka mgongo, huiweka juu ya kaunta, na kabla hajauliza bei ya kioo huuliza kama ni kweli kwamba simu ya mwakani haitakuwa na kioo nyuma, au itakuwa na kioo kisichovunjika, ili ajue kama atengeneze au avumilie. Swali hilo lina mantiki yake. Hata hivyo, hitilafu aliyonayo mkononi ina sababu inayojulikana, na sababu hiyo itamfuata hadi kwenye simu ijayo iwapo haitaondoshwa. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kama zinavyoelezwa na wenye simu wa Zanzibar, wa Darajani, Chake Chake na vijiji vya wakulima wa mwani. Kila dalili inaanza na sababu inayoonekana mara nyingi zaidi na kuishia na ile ya nadra, na tetesi zenyewe zimewekwa mwisho, kwa kuwa nazo ni dalili ya aina yake.

Ni vyema kwanza kufahamu kwa nini kioo kiliwekwa nyuma. Mgongo wa madini, kama alumini, huzuia mawimbi ya antena, na huzuia kabisa kuchaji bila waya, kwa sababu nishati inayotoka kwenye koili (waya uliozungushwa) ya chaja huishia ndani ya madini hayo na kuyapasha moto badala ya kufika kwenye koili ya simu. iPhone 4 ya mwaka 2010 ilikuwa na kioo pande zote mbili. Alumini ikachukua nafasi ya kioo nyuma mwaka 2012, kisha kioo kikarudi mwaka 2017 katika iPhone 8 na iPhone X, safari hii pamoja na chaji isiyo na waya. Samsung ilikuwa imeshatangulia kwa Galaxy S6 mwaka 2015.

Kioo hicho si cha dirishani. Huzamishwa katika chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi, ambapo ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ndogo za sodiamu hutoka kwenye uso wa kioo na ayoni kubwa za potasiamu huingia mahali pake na kubanana. Kubanana huko ndiko kunakokipa kioo nguvu, lakini ngozi iliyobanwa ni nyembamba mno, haizidi unene wa unywele. Mkwaruzo au mmeguko ukishaipita ngozi hiyo, kioo kinaweza kuonekana kizima huku kimeshapoteza nguvu zake, na hapo ndipo yanapoanzia mengi yatakayoelezwa hapa chini.

Mgongo umepata ufa na mwenye simu hakumbuki kuiangusha

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na mara nyingi mlalamikaji anasema kweli. Hakuiangusha jana wala leo. Aliiangusha wiki tatu zilizopita, akaiokota, akaifuta, akashukuru kwamba haikuvunjika. Simu inayoanguka kwa pembe juu ya marumaru, au inayogonga kiambaza cha mawe cha nyumba ya Mji Mkongwe, hupokea nguvu yote ya pigo mahali padogo sana. Kioo humeguka hapo kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na ufa hubaki ukingojea joto la mchana au mkono uliobana kwa nguvu ili uendelee na safari yake. Ndiyo maana wachuma karafuu wa Pemba wanaweza kusimulia simu iliyoanguka kutoka juu ya mkarafuu ikatua kwenye udongo na majani bila ya dhara, kisha ikapasuka ilipoteleza kutoka kitandani hadi kwenye sakafu ya saruji. Urefu wa kuanguka si hoja kubwa kama ugumu wa kile kinachopokea.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji kifaa chochote. Kava litolewe, simu ifutwe kwa kitambaa laini, taa za chumba zizimwe, na tochi imulikwe kwa ubavu ili mwanga utambae juu ya kioo. Kisha ukucha upitishwe taratibu kwenye pembe zote nne na kuzunguka fremu ya kamera. Ukucha ukikwama, chanzo kimepatikana.

Pembe zikiwa nzima, aangalie ndani ya kava. Punje moja ya mchanga iliyonaswa kati ya plastiki na kioo hufanya kazi ya msumari kila simu inapobanwa. Sababu ya tatu ni mfuko wa nyuma wa suruali, ambao huwakuta zaidi madereva wa bodaboda na abiria wa daladala wanaokaa juu ya simu zao kutwa nzima. Simu hujipinda kidogo, fremu hustahimili, kioo hakistahimili. Sababu ya nne ni betri iliyovimba, inayosukuma mgongo kutoka ndani, na kwa uzito wake imetengewa sehemu yake. Wengi hulaumu tofauti ya joto, kwamba simu ilitoka juani ikaingia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Hilo huweza kuendeleza ufa uliokwishaanza, lakini ni nadra sana kupasua kioo kizima, kwa hiyo lisikubaliwe kuwa jibu kabla ya kukagua pembe.

Kwa muda, ufa ufunikwe kwa utepe mpana unaong'aa na kava lirudishwe. Picha ya ufa ipigwe, na baada ya siku tatu ipigwe nyingine kwa kulinganisha. Ufa uliotulia, ulio mbali na kamera, unaweza kuishi na mwenyewe miezi mingi iwapo simu haipelekwi majini, kwa sababu kinga yote ya maji imeshaondoka. Ufa unaokua, au unaomwaga unga wa kioo, unahitaji mgongo mpya.

Kuhusu gharama, aina ya simu ina uzito kuliko ukubwa wa ufa. Katika iPhone 8 hadi iPhone 13, kioo cha nyuma kimeshikamanishwa na fremu kwa nguvu kiasi kwamba fundi hulazimika kuichoma gundi yake kwa mashine ya leza na kukimegua kipande kwa kipande. Kuanzia iPhone 14 ya kawaida ya mwaka 2022, mgongo unafunguka peke yake na kazi imekuwa nyepesi zaidi. Katika simu nyingi za Galaxy, mgongo umegandishwa kwa gundi inayolainika kwa joto.

Mwenye simu asijaribu kazi hii nyumbani kwa kisu na pasi ya moto. Chini ya kioo kuna koili, nyaya za utepe na betri, na ncha ya kisu ikitoboa betri, moto hauchukui hata dakika moja kuanza. Fundi anayetumia leza ndani ya kibanda kisicho na hewa, bila ya barakoa wala feni ya kutolea moshi, naye ni wa kukimbiwa, kwani moshi ule ni wa gundi na rangi zinazoungua.

Kioo kina mikwaruzo mingi ingawa hakijavunjika

Hapa watu huwasingizia wasiohusika. Funguo na sarafu ndizo hutajwa kwanza, lakini nyingi kati yake ni laini kuliko kioo cha simu. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, kioo cha simu huanza kukwaruzika kwenye 6 hivi, na ufunguo wa kawaida uko chini ya hapo; alama ya kijivu unayoiacha mara nyingi ni madini ya ufunguo wenyewe, na hufutika. Mhalifu mkubwa ni madini ya kwazi (quartz), ambayo ugumu wake ni 7 na ambayo imo katika mchanga wa kujengea na katika vumbi la barabara.

Jambo hili lina sura ya pekee kwetu visiwani. Mchanga mweupe wa Paje, Jambiani au Nungwi kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa ya baharini, na ugumu wake hauzidi 4. Mchanga huo peke yake hauwezi kukikwaruza kioo, ingawa utaharibu protekta ya plastiki na kujaa kwenye spika. Kwa hiyo fundi wa ujenzi wa Fuoni anayeweka simu kwenye mfuko wenye mchanga wa saruji yuko hatarini kuliko mtalii aliyelala ufukweni kutwa. Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kuizika simu mchangani, maana punje chache za kwazi huchanganyika humo pia, na chumvi ya ufukweni ina madhara yake mengine.

Kabla ya kuhukumu, uso uoshwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha ukaguliwe tena kwa tochi. Alama zinazobaki bila ya kukwamisha ukucha mara nyingi zimo kwenye tabaka la kuzuia mafuta ya vidole, ambalo huchakaa lenyewe kwa matumizi ya mwaka mmoja au miwili. Alama zinazokwamisha ukucha zimeingia kwenye kioo, na hazina dawa isipokuwa kubadilisha kioo au kuzizoea. Dawa ya meno, majivu na unga wa kusugulia sufuria, ambavyo hupendekezwa sana, huondoa tabaka la juu na kuacha ukungu ambao hautoki tena.

Protekta ya kioo husaidia kweli, kwa kuwa hupokea mkwaruzo kwa niaba ya kioo chenyewe. Tahadhari ni moja: ile inayobandikwa kwa gundi ya majimaji na kukaushwa kwa taa isipobandikwa na mtu mwenye mkono mtulivu, gundi huingia kwenye spika ya sikio na kwenye vitufe, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko kubadilisha kioo.

Mgongo umeinuka, au pengo limeonekana pembeni

Sehemu hii isomwe yote kabla ya kugusa chochote.

Sababu ya kawaida kwenye simu iliyowahi kufunguliwa ni gundi isiyotosha, au mgongo wa kuigiza usiolingana na fremu. Simu nyingi zilizokwishatumika zinazoletwa kutoka Dubai zimeshabadilishwa mgongo kabla ya kuuzwa, na dalili zake ni nembo iliyopinda kidogo, pete ya kamera isiyokaa sawa, au rangi inayotofautiana na ya fremu. Kwenye simu ambayo haijafunguliwa tangu kiwandani, sababu ya kwanza kufikiriwa ni betri iliyovimba. Chanzo cha tatu ni fremu iliyopinda.

Namna ya kutofautisha ni kuilaza simu isiyo na kava juu ya kioo cha meza au marumaru iliyonyooka, mgongo ukiwa chini, na kuigusa pembeni kwa kidole kimoja bila ya kuikandamiza. Ikizunguka kama pia, ina tumbo. Kwenye simu ambazo kamera yake imechomoza, badala ya kuilaza, mwenyewe aweke ukingo wa rula juu ya mgongo na kutazama mwanga unaopita. Dalili nyingine ni chaji kuisha ghafla, simu kuzimika ikiwa na asilimia 30, au skrini kuonyesha doa la mwanga katikati.

Betri ikishukiwa kuvimba, kazi ya mwenye simu imekwisha. Simu izimwe, isichajiwe tena hata kwa dakika mbili za kuhamisha picha, mgongo usikandamizwe ili ujibane, wala betri isitobolewe ili itoe hewa, kama baadhi ya watu wanavyofanya. Iwekwe juu ya sakafu ya saruji au ndani ya bakuli lenye mchanga mkavu, mbali na godoro, mkeka, pazia na mapaa ya makuti, hadi ifikishwe kwa fundi mwenye uzoefu wa betri. Isipakiwe kwenye mzigo wa boti kupelekwa Dar es Salaam, na isitupwe jaani ambako takataka huchomwa. Ikianza kutoa moshi au harufu tamu kama ya rangi ya kucha, watu watoke nje kwanza, na Zimamoto waitwe. Simu haina thamani ya kuokolewa kwa mikono.

Joto ni mchangiaji mkubwa wa uvimbe huu. iPhone, kwa mfano, imeandikiwa itumike katika mazingira ya nyuzi 0 hadi 35, na gari lililoegeshwa juani wakati wa kaskazi hupita kiwango hicho kwa urahisi. Simu inayochajiwa chini ya mto, ikiwa ndani ya kava nene, nayo hujipika yenyewe.

Simu imeingia maji ya bahari, au inakataa kuchaji baada ya kutoka pwani

Maandishi ya IP68, yanayotaja kinga ya simu dhidi ya vumbi na maji, yamewaponza wengi. Kipimo hicho hufanywa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyotulia, kwenye simu mpya, kwa kina na muda uliotajwa na mtengenezaji. Hakihusu maji ya chumvi, hakihusu simu iliyofunguliwa na fundi, na hakihusu kabisa simu yenye ufa. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki, inavuta unyevu wa hewa yetu, na kuendelea kula madini siku baada ya siku wakati mwenye simu anaamini kwamba imeshapona. Mama anayeifunga simu kiunoni kwenye shamba la mwani, na nahodha anayeiweka ndani ya ngarawa, hawana haja ya kuizamisha ili waipate hasara hii. Matone na jasho yanatosha.

Sababu ya kwanza ya kukataa chaji ni chumvi na uchafu ndani ya tundu la chaji, ambalo mafundi wengi huliita sistimu chaji. Ya pili ni unyevu ambao simu yenyewe imeugundua na kujifunga kwa usalama. Ya tatu ni vijiti vya tundu kuliwa na kutu ya kijani. Ya nne, mbaya zaidi, ni maji kufika kwenye ubao wa ndani.

Mwenye simu aanze kwa kuizima na kuvua kava, kisha afute maji yote ya nje. Baada ya hapo njia zinaachana. Simu nzima yenye kinga ya maji, isiyo na ufa na isiyowahi kufunguliwa, isuuzwe polepole kwa maji baridi ili chumvi itoke, kisha tundu lielekezwe chini na simu igongwegongwe kiganjani. Maji hayo yawe ya bomba au ya chupa, kwani visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, na kusuuza kwa maji hayo ni kuongeza tatizo. Simu yenye ufa, iliyowahi kufunguliwa au isiyo na kinga ya maji isisuuzwe hata kidogo. Ifutwe, ibaki imezimwa, na ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo, ili aifungue na kuisafisha kwa spiriti maalumu kabla kutu haijashika.

Ile iliyosuuzwa ikaushwe kivulini mbele ya feni, kwa saa kadhaa na ikiwezekana siku nzima, kabla ya waya kuchomekwa. Umeme ukipita penye maji ya chumvi, vijiti vya tundu hulika haraka mno, na ndiyo maana kujaribu kama inaingia chaji ni kosa linaloua simu nyingi kuliko maji yenyewe. Mashine ya kukaushia nywele haifai, kwa kuwa husukuma maji ndani na kulainisha gundi. Mchele nao uachwe upikwe pilau: haukaushi vyema kuliko hewa inayopita, na unga wake huingia kwenye tundu.

Iwapo ukungu umeonekana ndani ya lensi ya kamera, kwanza ithibitishwe kwamba uko ndani. Anayetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi akaingia kwenye hewa ya masika hupata ukungu wa nje, unaofutika kwa kitambaa. Ukungu wa ndani usioondoka kwa siku nzima maana yake ni kwamba kinga imevunjika, na kila siku ya kusubiri inampunguzia fundi nafasi ya kuokoa.

Kuchaji bila waya kumekatika

Mara nyingi ni kava nene, au pete ya chuma iliyobandikwa nyuma kwa ajili ya kushikia simu kwenye gari. Vitolewe, simu ipangwe katikati ya chaja, na ijaribiwe kwa dakika tano. Ikigoma bado, na mgongo umewahi kubadilishwa, huenda koili ilikatwa au kubanduliwa wakati wa kazi, na aliyefanya kazi hiyo ndiye wa kurudiwa kwanza. Simu ikipata joto kali juu ya chaja, iondolewe mara moja, kwani kipande cha madini kilichoingia katikati kinaweza kuunguza.

Simu ya kukunja ina mstari, au tabaka lake la juu linabanduka

Mfinyo katikati ya skrini ni umbile la simu hizi, si ugonjwa, ilimradi hauna rangi nyeusi wala mstari unaong'aa. Tabaka linaloonekana kama protekta iliyobandikwa lisibanduliwe. Mwaka 2019 Galaxy Fold ya kwanza ilicheleweshwa kutoka Aprili hadi Septemba baada ya baadhi ya simu za majaribio kuharibika mikononi mwa wakaguzi, wengine wao wakiwa wamelibandua tabaka hilo kwa kudhani ni la kiwandani la kutupwa. Galaxy Z Flip ya mwaka 2020 ilileta kioo chembamba sana kinachokunjika, lakini juu yake bado kuna plastiki, na plastiki hukwaruzwa hata na ule mchanga wa matumbawe usioweza kukikwaruza kioo cha kawaida. Vumbi likisikika likisaga ndani ya bawaba, simu isikunjwe tena. Hakuna dawa ya kienyeji hapa, na kupuliza kwa mashine ya kujazia matairi husukuma punje chini ya skrini. Kwa maoni ya mwandishi, anayefanya kazi ufukweni hana sababu ya kununua simu ya aina hii, iwe ya leo au ya tetesi.

Mwenye simu amesikia kwamba ijayo haitavunjika

Dalili hii nayo ina sababu zake. Inayoongoza ni picha za kubuni, zilizochorwa na wasanii au na programu za akili mnemba, zikasambazwa kama siri iliyovuja. Inayofuata ni hataza: kampuni husajili mawazo mengi ambayo hayatengenezwi kamwe, na hataza ya simu iliyozungukwa na kioo pande zote haina maana kwamba simu hiyo itauzwa. Ya mwisho, adimu lakini yenye uzito, ni vipimo vinavyotoka kwa watengenezaji wa kava na spea, ambao hulazimika kujua umbo miezi kadhaa kabla.

Uchunguzi mwepesi ni kuuliza habari imetoka katika daraja lipi kati ya hayo matatu. Uchunguzi wa kina ni kukumbuka yaliyopita. Mwaka 2014 ilivumishwa kila mahali kwamba iPhone 6 ingekuwa na skrini ya yakuti samawi, jiwe lenye ugumu wa 9, na uvumi ulikuwa na mguu wa kusimamia, kwani Apple ilikuwa na mkataba na kampuni ya GT Advanced Technologies ya kutengeneza yakuti katika kiwanda cha Mesa, Arizona. Simu ilitoka Septemba ikiwa na kioo cha kawaida kilichoimarishwa, na Oktoba kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Mwaka 2019 Xiaomi ilionyesha hadharani Mi Mix Alpha, iliyozungukwa na skrini mbele na nyuma. Mwaka uliofuata ikatangaza kwamba haitazalishwa kwa wingi. Kinyume chake, uvumi kwamba iPhone 17 Pro ingerudi kwenye alumini ulithibitika Septemba 2025, ikiwa na dirisha la kioo nyuma kwa ajili ya chaji isiyo na waya.

Hata uvumi wa kweli unapaswa kupimwa kwa dalili zilizotangulia. Kitu kigumu zaidi hukwaruzika kidogo lakini mara nyingi hupasuka kwa wepesi. Yakuti ni mfano wake. Alumini haipasuki, lakini hubonyea, na kwenye iPhone 17 Pro kuliripotiwa rangi kuchubuka kwenye kingo za kamera. Rangi hiyo ni tabaka la kinga, na pale ilipotoka, chumvi ya bahari hupata mlango wa kuitoboatoboa alumini. Aliyepasukiwa na kioo kwa sababu ya sakafu ya marumaru atanufaika na mgongo wa alumini. Aliyeharibikiwa na maji ya bahari hatanufaika na lolote, kwa sababu tatizo lake liko kwenye gundi na tundu la chaji. Madai ya maabara nayo yasomwe hadi mwisho: mwaka 2020 Corning, kampuni inayotengeneza vioo vya simu, ilisema kioo chake cha Victus kinastahimili kuanguka kutoka mita 2, na mwaka 2022, kwa Victus 2, ikazungumzia mita 1 juu ya uso unaofanana na saruji. Kwa nyumba zetu, tamko la pili ndilo lenye maana zaidi, ingawa namba yake ni ndogo.

Mwenye ufa uliotulia anaweza kusubiri simu mpya akitaka. Mwenye betri iliyovimba au maji ya chumvi ndani hana ruhusa ya kusubiri hata wiki. Na muuzaji akimwomba mtu amana ya simu ambayo mtengenezaji wake hajaitangaza, kwa ahadi kwamba mzigo uko bandarini Malindi au unakuja na abiria kutoka Dubai, hapo mazungumzo yakatwe, fedha zisitumwe kwa simu, na iwapo zimeshatumwa, risiti na namba ya muamala zipelekwe kituo cha polisi siku hiyo hiyo.